Tone Halisemi Lilikotoka: Hotuba kwa Wahitimu wa Ufundi Magari, Dar es Salaam

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na walezi mliokubali kukaa katika joto hili, na ninyi wahitimu ambao leo ndiyo siku yenu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote, hamjambo?

Kadi ya mwaliko ilinitaka nizungumzie mustakabali wa fundi magari nchini. Nimemwomba mkuu wa chuo nizungumzie jambo dogo kuliko hilo, naye amekubali. Nataka tuzungumze kuhusu oili inayovuja kidogo, tone moja moja, kwenye injini ya gari la spoti. Nimechagua hili kwa sababu kwa miaka yote niliyokaa gereji, tangu nilipokuwa saidia fundi nashika tochi kule mtaa wa Gerezani mpaka sasa nina vijana wangu mwenyewe, sijaona kazi inayomtofautisha fundi na mfungua nati upesi kiasi hiki. Injini ikigonga kila mtu anaisikia. Gari likigoma kuwaka, hata mtoto wa mteja anajua lina tatizo. Tone la oili kwenye sakafu linataka mtu atulie, atazame, afikiri, kisha amwambie mteja ukweli.

Mfano wangu utakuwa Subaru Impreza WRX, maana ndilo mtakaloletewa sana na vijana wenzenu wa Sinza, Mbezi na Kigamboni. Gari hili lilitoka mwaka 1992, na wengi wetu Afrika Mashariki lilituingia moyoni pale Colin McRae alipolishindia Safari Rally mwaka 1997. Mapenzi hayo hayajaisha hadi leo. Lakini mengi yanayokimbia hapa mjini yalitoka Japani yakiwa yameshatumika miaka mingi. Mpira wa sili, ule unaozuia oili isitoke, hauangalii kilomita tu. Joto na umri vinatosha kuukausha, ukawa mgumu, ukaanza kupasuka. Kwa hiyo usishangae gari lililotunzwa vizuri na kung'aa nje linaweka alama ya oili kwenye maegesho ya mwenyewe.

Kabla hujatafuta panapovuja, jua kwanza kinachovuja. Mji wetu una unyevu mwingi, na mteja akitoka foleni ya Morogoro Road na AC imewashwa muda wote, atakapoegesha maji yatatiririka chini upande wa abiria. Atakuja na hofu: "Fundi, gari linamwaga maji!" Pangusa kwa kidole. Kama hayana rangi, hayana harufu, hayatelezi, ni maji ya AC na mfumo unafanya kazi yake. Mweleze, mpe mkono, aende zake. Usimtoze hata shilingi, kwa sababu siku atakapokuwa na tatizo la kweli atakukumbuka wewe.

Kama si maji, chukua karatasi nyeupe uigusishe kwenye tone, uitazame juani. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi kulingana na umri wake. Haidroliki ya usukani kwenye Impreza mara nyingi ni nyekundu. Kulanti, maji ya kupooza injini, ina kijani, buluu au pinki, inanusa utamu fulani, na ikikauka inaacha unga kwenye maungio. Kulanti ni sumu, kwa hiyo usiiache kwenye beseni ambapo mtoto au paka anaweza kuifikia. Mafuta ya breki ni mepesi, karibu hayana rangi yakiwa mapya, na yanakula rangi ya bodi. Ukikuta ndiyo yanayovuja, gari lisitoke gereji. Vivyo hivyo petroli. Hapo hakuna cha tone dogo.

Halafu kuna oili ya gia boksi ya manyo, na hii naomba muikumbuke maana itatusaidia mbele kidogo. Ina harufu kali ya salfa, na ukishaijua huisahau. Tone likitoka pale injini inapoungana na gia boksi, pua yako ndiyo itakayokuambia uanzie upande gani: sili ya nyuma ya krenkshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, au sili ya mbele ya gia boksi. Tone linadondokea mahali pamoja, lakini hizo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Sasa niwaeleze kwa nini injini hii inavuja tofauti na mlizozoea. Ni injini ya boksa, mpangilio ambao Subaru wameushikilia tangu Subaru 1000 ya mwaka 1966. Silinda zimelala, mbili kulia na mbili kushoto. Kwenye injini ya silinda zilizosimama, mfano ya IST au Noah mnazozifungua kila siku, tapeti kava, kile kifuniko cha valvu, iko juu kabisa. Ukizima gari, oili inateremka sampu, beseni la oili chini ya injini, na gasketi ya juu, ule utepe wa kuziba maungio, inapumzika. Kwenye boksa, tapeti kava iko ubavuni, imesimama wima. Oili kidogo inabaki imetuama kwenye ukingo wake wa chini usiku kucha, ikiegemea gasketi. Gasketi ikishakauka, oili inapata njia hata gari likiwa limelala. Na chini ya kava hizo ndipo mabomba ya eksozi yanapopita.

Ndiyo maana kwenye gari hili pua hutangulia macho. Oili inadondokea eksozi, inaungua, na hakuna hata tone linalofika chini. Mteja atakuambia, "Nikiwa barabarani sisikii kitu, nikisimama kwenye taa za Ubungo ndani kunanuka oili ya kuungua." Msikilize vizuri, kwa sababu ameshakupa nusu ya jibu. Gari likikimbia upepo unaufagilia moshi nyuma. Likisimama, moshi unapanda na kuingia kwenye tundu za hewa chini ya kioo cha mbele, feni ya AC inauvuta ndani. Fundi asiyemsikiliza mteja atatazama sakafu, ataiona kavu, na atasema gari halivuji.

Basi muulize mteja maswali. Harufu inakuja lini? Alama chini anaikuta asubuhi, au anaikuta anaposimama baada ya safari? Na swali ambalo vijana wengi wanalisahau: mara ya mwisho gari hili liliguswa lini, na kiliguswa nini? Kama alibadilisha oili juzi, anza na filta na nati ya sampu. Kuna nyakati mpira wa filta ya zamani unabaki umenata kwenye injini, filta mpya inafungwa juu yake, mipira miwili inakaliana, na oili inajipenyeza katikati. Kuna nyakati washa, ile pete ya kuziba, ya nati ya sampu imerudishwa ileile ya zamani wakati imetengenezwa kubanwa mara moja tu. Hayo unayaona kwa dakika chache ukiwa na tochi.

Swali la wakati nalisisitiza kwa sababu oili haitoki kwa namna moja. Kuna inayosukumwa na pampu. Kwenye injini hii ikiwa na moto, presha ni takribani bar 1 ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa, na inafika bar 3 au zaidi ikizunguka mara 5,000 kwa dakika. Uvujaji wa namna hii unaonekana injini ikifanya kazi, na unaongezeka mteja anapokanyaga. Kuna inayoteremka yenyewe kwa uzito wake, nayo inaacha alama wakati wa usiku: tapeti kava, sampu, nati zake. Na kuna inayotolewa na hewa iliyobanwa ndani ya injini, ambayo nitaifikia. Ukijua mteja wako ana uvujaji wa saa ngapi, umeshapunguza sehemu za kutafuta.

Lakini hakuna atakayeona chochote kwenye injini chafu. Ioshe. Najua wengi wetu tunatumia dizeli na brashi. Sawa, kama huna dawa maalumu ya kuondoa grisi. Petroli hapana, hata kama mwenzako anafanya hivyo na hajaungua. Funika alteneta na njia ya hewa kwa nailoni. Usiielekeze mashine ya maji ya presha kwenye sili na soketi za umeme, maana utatengeneza tatizo jipya na hutajua lilitoka wapi. Weka beseni chini. Hayo maji meusi yakiingia mtaroni yanaishia Msimbazi, na Msimbazi unaishia baharini, tunakovua.

Injini ikikauka kabisa, nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio unayoyashuku. Pole pole, safu nyembamba. Kisha washa, iache ipate moto, itazame. Kisha lipeleke barabarani kidogo, kwa mfano Ubungo hadi Kimara na kurudi, kwa sababu kuna uvujaji usiokuja mpaka injini ibebe mzigo na turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ifanye kazi. Ukirudi, oili itakuwa imechora njia yake kwenye ule weupe.

Hapa ndipo penye kiini cha hotuba yangu. Njia hiyo msiifuate kuteremka, ifuateni kupanda. Mmelala kwenye nyumba za bati, mnajua: maji yanadondokea kitandani, lakini tundu liko mbali, karibu na kenchi, na maji yametembea chini ya bati hadi yalipopata pa kuangukia. Oili inafanya hivyohivyo, na juu yake kuna upepo wa barabarani na feni vinavyoisukuma nyuma. Kwa hiyo sehemu yenye oili nyingi zaidi ni mwisho wa safari. Chanzo ni sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyo mbichi. Ukipata pabichi, uliza: juu yake kuna nini? Kama juu yake pakavu pande zote, umefika. Kama bado, endelea kupanda.

Pasipofikika kwa macho, tumia kioo kidogo chenye mpini, au simu yako. Washa video na taa, ipitishe nyuma ya injini, kisha kaa chini uitazame taratibu. Ni kifaa bora ambacho wazee wetu hawakuwa nacho, na kila mmoja wenu anacho mfukoni. Na kwa uvujaji mdogo sana, ule unaotoa unyevu tu kwa wiki nzima, kuna rangi maalumu ya kuchanganya na oili. Mteja anatembea nayo siku chache, kisha gizani unamulika kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, na njia ya oili inang'aa kijani au njano. Gereji ikiwa na uwezo, inunue tochi hiyo mapema kuliko kompresa ya pili.

Niwape kisa kimoja. Kuna dada mmoja, mteja wetu, ana Impreza WRX analolipenda sana. Alikuja amevunjika moyo. Gereji aliyokwenda kwanza ilimwambia sili ya nyuma ya krenkshafti imekufa, injini lazima ishuke, na alikuwa ameanza kutafuta hela ya kazi hiyo. Tone lilikuwa pale nilipowaambia, kwenye maungio ya injini na gia boksi. Siwasemi vibaya waliomwambia hivyo. Sili ile huvuja kweli, na kwenye injini hii kuna pia kibamba cha kutenganisha oili na hewa nyuma ya bloku, ambacho kwenye matoleo ya zamani ni cha plastiki na hupinda kwa joto. Hata mimi nikiona tone pale, hayo mawili ndiyo yanayonijia kwanza. Tatizo ni kuishia hapo.

Tukanusa: si salfa, ni oili ya injini. Tukamuuliza: alama anaiona akitoka safari ya Bagamoyo, asubuhi chini ni pakavu. Kwa hiyo ni kitu cha presha, na sili ya nyuma ya krenkshafti haikai kwenye presha ya pampu. Hilo likanipa shaka. Tukaosha, tukakausha, tukapiga poda, kijana wangu mmoja akalipeleka barabarani. Aliporudi, chini poda ilikuwa nyeupe isipokuwa mstari mmoja mwembamba uliotoka juu. Tukapitisha simu chini ya manifoldi ya hewa, yale mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda. Kwenye ule uwanda wa juu ya bloku, mahali ambapo mtu akifungua boneti haoni, oili ilikuwa imetuama, na juu yake vumbi la barabarani limeganda. Ukiufuata unyevu kwenda mbele ulifika chini ya alteneta. Pale pamefungwa swichi ya presha ya oili, ile inayowasha taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi.

Nikamwambia kijana achomoe soketi yake ya waya. Akaichomoa, akaiinamisha, na oili ikatoka ndani ya soketi. Tazameni jambo hilo kwa makini: ndani ya soketi ya umeme hakuna njia ya oili kufika kutokea nje. Imepita katikati ya swichi yenyewe. Swichi ile ina kiwambo chembamba kinachosukumwa na presha kikakata umeme. Kikizeeka, oili inapenya na kutokea kwenye ncha ya waya. Injini ikizimwa presha inakwisha, uvujaji unakoma, ndiyo maana asubuhi pakavu. Gari likikimbia oili inatoka, inajaa juu ya bloku, na dada yetu kila anapoongeza mwendo inarudi nyuma na kuteremka hadi gia boksi. Swichi moja ndogo, inayotoka kwa spana moja baada ya kusogeza alteneta. Tukaweka mpya, dawa ya kuziba kidogo kwenye nyuzi zake, bila kuikaza kupita kiasi kwa sababu nyuzi za bloku ni za aluminiamu. Tukaosha tena, tukamwambia arudi tulitazame. Aliporudi palikuwa pakavu.

Injini yake ingeshushwa, sili mpya ingewekwa, gari lingerudishwa, na tone lingeendelea kudondoka mahali palepale. Fikirieni mazungumzo ya siku hiyo kati ya fundi na mteja.

Sasa ile hewa. Kila injini inavujisha gesi kidogo kupita pembeni ya pistoni, inaingia kwenye krenki, chumba cha krenkshafti. Kuna valvu na mipira inayoiondoa gesi hiyo na kuirudisha kwenye njia ya hewa iungue. Ikiziba kwa uchafu, hewa inajaa ndani, na inatafuta pa kutokea. Itasukuma oili kwenye sili yoyote iliyo dhaifu, hata ambayo ingedumu miaka mingine. Kwenye gari la turbo ni mbaya zaidi: valvu hiyo isipofunga vizuri turbo inapopuliza, presha ya turbo nayo inaingia krenki. Fundi anabadilisha sili, baada ya mwezi inavuja, anailaumu spea. Spea haina kosa. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiwa sailensa, fungua kifuniko cha oili, vika mdomo wake glavu nyembamba ya mpira. Injini yenye afya huivuta glavu ndani kidogo au huiacha imelegea. Ikiivimbisha ikasimama, shughulikia njia ya hewa kabla hujanunua sili. Na kama mipira yote ni mizima na bado inavimba, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda, maana huenda ringi za pistoni zimechoka, na hapo mazungumzo na mteja yanabadilika.

Nije kwenye silikoni. Wanangu, naomba mnisikilize kwa hili kuliko mengine yote. Tapeti kava za Impreza zina gasketi ya mpira. Inakaa kwenye mfereji wake, safi na kavu, na silikoni ni tone dogo tu kwenye pembe ambapo vipande viwili vya aluminiamu vinakutana. Nimefungua kava ambazo gasketi imezama kwenye silikoni nyekundu pande zote. Ile iliyobanwa nje inaonekana, na mteja anaona fundi amefanya kazi. Lakini kiasi kilekile kimebanwa ndani. Kinakatika vipande, kinaelea na oili, kinafika kwenye chujio la pampu, au kwenye kichujio kidogo cha bolti inayopeleka oili kwenye turbo. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando wa oili. Ikikosa oili inakufa, na bei ya turbo mnaijua. Tone la tapeti kava halijawahi kuua injini upesi hivyo.

Na bolti za kava hizo zinahitaji mkazo mdogo sana, takribani nyutoni mita 6. Huo ni mkono mwepesi. Mkibana kwa nguvu za Kariakoo mnapinda kava au mnakata bolti, na inavuja kuliko mwanzo. Mkiwa mnabadilisha, badilisheni na zile sili za duara za visima vya plagi na washa za mpira za bolti, zote zina umri mmoja. Ukichomoa waya wa plagi ukakuta kisima kina oili, umeshajua kwa nini gari lilikuwa linakata moto.

Mnaweza kudhani nasema kila unyevu utengenezwe. Hapana. Injini ya miaka 20 ikitoa jasho kwenye maungio, oili haidondoki, haigusi eksozi wala mkanda, mwambie mwenyewe: hili tuliache, tulitazame kila unapokuja kubadilisha oili. Mteja ana ada za shule na kodi ya nyumba. Hatari ya uvujaji mdogo haipo kwenye doa la sakafuni, ipo kwenye kipimo cha oili. Kati ya alama ya juu na ya chini kwenye stiki ya injini hii kuna takribani lita 1 tu, na sampu yake haina akiba kubwa. Kijana anayekanyaga WRX wakati oili iko chini ya alama anaua beringi za krenki. Kwa hiyo mfundishe kupima mwenyewe kila wiki, gari likiwa limesimama sawasawa na injini imepoa. Mwandikie tarehe na kilomita kwenye karatasi aiweke kwenye dashibodi. Uvujaji uliopimwa unaweza kuishi nao.

Ila kuna pa kutosubiri hata kama ni unyevu tu: mbele, nyuma ya kava za taimingi belti, mkanda unaozungusha kamshafti za kufungua valvu. Kule kuna sili za kamshafti, sili ya mbele ya krenki, na pampu ya oili, ambayo skrubu zake za nyuma huwa zinalegea zenyewe. Mkanda ni wa mpira na oili inauharibu. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Ndiyo maana kila mkanda unapobadilishwa, kwa kawaida kwenye kilomita 100,000, sili hizo zibadilishwe pamoja na skrubu zikaguliwe. Atakayekuambia uviache kwa kuokoa hela, muoneshe valvu iliyopinda. Weka moja kwenye droo yako kwa kazi hiyo.

Kuhusu dawa za chupa za kuziba uvujaji, zile zinazouzwa kwenye foleni na madukani, msimamo wangu ni kwamba injini ya turbo isiwekewe. Kwenye rejeta ndiyo kabisa, zinaziba na visivyotakiwa kuzibwa.

Na rejeta inanikumbusha jambo letu wenyewe la Dar. Maeneo mengi ya mji huu visima vyake vina chumvi, na maji hayo ndiyo yanayoishia kwenye rejeta pale kulanti inapopungua. Bloku ni aluminiamu, rejeta ni aluminiamu. Chumvi inavila kimyakimya, pampu ya maji inaanza kuvuja, kisha maungio ya mipira. Kisha mfumo unashindwa kushika presha, na bila presha maji yanachemka kwenye nyuzi 100, wakati kifuniko cha rejeta cha bar 0.9 kikiwa kizima yanavumilia hadi karibu 119. Uvujaji wa kulanti usioonekana kwa macho upime kwa pampu ya mkono ya presha, injini ikiwa imepoa, usizidishe presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, na upime kifuniko chenyewe pia. Halafu weka kulanti halisi iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na silinda hedi.

Wazazi, mmelipa ada ili vijana hawa washike spana. Naomba pia muwavumilie miezi ya mwanzo watakapoonekana wamesimama tu wanatazama injini wakiwa na tochi. Wakati huo wanafanya kazi. Na ninyi wenye gereji mlioko hapa mnaotaka kuajiri, walipeni kwa muda huo wa kutafuta. Mwandikieni mteja kwenye risiti: ukaguzi, kiasi fulani. Tukiona aibu kutoza kutafuta, tunawafundisha vijana kurudisha hela yao kwa kufungua kisichohitaji kufunguliwa.

Mgeni rasmi, naomba nimalizie hapa kwa sababu nje, chini ya ule mwembe, nimekuja na Impreza la mteja, na mwenyewe ameridhia litumike leo. Linanuka likiwa limesimama na linaacha tone upande wa kulia. Injini imeoshwa jana jioni, imekauka, poda ipo, na asubuhi limetembezwa. Hakuna sanduku la spana, nimeliacha makusudi. Wahitimu mtapita kwa zamu mkiwa na tochi na simu zenu. Kila mmoja aandike kwenye karatasi vitu vitatu: ni oili gani, inatoka wapi, na kwa nini anaamini hivyo. Karatasi nitazikusanya kabla ya chakula, na baada ya chakula tutaifungua pamoja tuone. Injini bado ina moto upande wa turbo, kwa hiyo mikono mbali na eksozi. Asanteni kwa kunisikiliza. Wa kwanza kwenye orodha, karibu.